Watu kumi kwenye simu, mji mzima kwenye redio

"Punguza kwanza sauti ya redio yako." Anayesikiliza redio jioni huku Goma au Bukavu, mashariki ya Kongo, anaijua sentensi hiyo kuliko kibwagizo cha kipindi. Ni kipindi cha simu wazi: msikilizaji anapiga na kusikika papo hapo. Mpigaji amekaa karibu na kiredio chake. Sauti yake inatoka hewani, inaingia tena kwenye simu, inarudi studio, na mluzi unatoboa masikio. Anaambiwa apunguze, anainuka kupunguza, mayunite (salio la simu) yanakwisha, laini inakatika. Nusu dakika imekwenda na hajasema kitu.

Hilo ni kosa la kifundi na dawa yake ipo. Ugomvi wenyewe uko kwingine. Redio ikiamua kutowaweka watu hewani papo hapo, ikapokea ujumbe wao, ikawapigia, ikarekodi na kutangaza kesho yake, haikosi kusemwa. Imeogopa. Imenunuliwa. Imekula coupage, ile pesa ya "usafiri" ambayo mwandishi anapewa na mwenye shughuli ili habari yake ipite. Simu wazi ndiyo demokrasia, simu iliyofungwa ni mdomo uliozibwa. Watu wengi wanaona hivyo, na si wajinga.

Hoja yao ina mizizi. Nchi hii ilisikia sauti moja ya serikali mpaka Rais Mobutu alipofungua mlango wa vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990. Redio za kijamii kama Radio Maendeleo ya Bukavu, iliyoanza 1993, zilikuja ili yule aliyezoea kusemeshwa naye aseme. Mama wa Ndosho, mtaa wa Goma, akisema kwamba bomba la REGIDESO, shirika la maji, limekauka siku nne na bidoni ya lita 20 imepanda bei, akalisema kwa hasira yake mwenyewe huku mkuu wa idara amekaa studio na vipokea sauti masikioni, anafanya kazi ambayo barua yenye mihuri mitatu haiwezi. Ukimrekodi leo na kumtangaza kesho, mkuu amepata usiku mzima wa kutafuta majibu. Kuna na jambo la lugha. Mgeni anajificha ndani ya Kifaransa chake cha ofisini. Mpigaji anamuuliza kwa Kiswahili cha sokoni na kumlazimisha ashuke. Kipande hicho cha dakika mbili kina thamani, na redio inayokitupa imepoteza kitu.

Sasa tuhesabu. Kipindi ni cha saa moja. Toa dakika tano za kibwagizo, salamu na matangazo ya vifo na vitambulisho vilivyopotea, maana hayo ndiyo yanayonunua mafuta ya jenereta SNEL, shirika la umeme, ikikata. Toa thelathini za mgeni, kwa sababu mgeni wa heshima hakatwi kirahisi. Toa tano za kufunga. Zimebaki ishirini. Kila simu, pamoja na "alo, alo, unanisikia?", inakula mbili. Ni watu kumi, katika mji ambao wakazi wake wanapita milioni moja.

Na kumi hao ni nani? Mwenye simu yenye chaji. Mwenye mayunite. Asiye na mtoto mgongoni wala chungu juu ya makaa saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwenye subira ya kubonyeza namba ileile mara thelathini mpaka ipokelewe. Yaani mwanaume wa mjini, na mara nyingi ni yuleyule wa juzi, ambaye mtangazaji anamtambua kwa kikohozi tu kabla hajataja jina. Redio inayobisha ifungue daftari kwa mwezi mmoja na kuchora safu tano: jina, kartie (mtaa), mwanamke au mwanaume, jambo alilosema, na kama alisimulia alichokiona au alishutumu. Safu ya tano ndiyo itakayouma.

Kisha mtangazaji anafunga kipindi: "Mmewasikia wananchi wa Goma." Kwa sentensi hiyo watu kumi wamekuwa mji.

Wengi wanalipita jambo hili haraka, nami naona ndipo penyewe. Tunajadili vyombo vya habari kama vile kazi yao ni kumbadilisha mtu anachoamini moyoni. Utafiti uliofanywa jirani kabisa na sisi unaonyesha njia nyingine. Elizabeth Levy Paluck, mwanasaikolojia wa Marekani, aligawa jamii mbalimbali za Rwanda katika makundi mawili kwa mwaka mzima: moja lilisikiliza mchezo wa redio wa maridhiano, jingine mchezo wa afya. Matokeo yalichapishwa 2009. Imani za watu binafsi hazikusogea sana. Kilichosogea ni walivyodhani wenzao wanaona, yaani kinachokubalika na kisichokubalika hapa kwetu, na pamoja nacho baadhi ya matendo yao. Redio haikumwambia msikilizaji afikiri nini. Ilimwambia jirani anafikiri nini, naye akajipanga.

Ukishika hilo, maneno "kioo cha jamii" yanaanza kutisha. Kioo kinachoonyesha watu kumi na kusema ni mji mzima hakiakisi, kinafundisha. Aliyekuwa na chuki yake kimya, akidhani yuko peke yake, anasikia sauti tatu mfululizo zikisema kama yeye. Aliyekuwa na shaka anaona afadhali anyamaze.

Paluck huyohuyo alikuja mashariki ya Kongo, na matokeo aliyoyatoa 2010 yangepaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila studio ya Kivu. Mchezo wa redio ulitangazwa kwa mwaka mmoja. Katika baadhi ya maeneo, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ulifuatiwa na kipindi kifupi kinachowahimiza wasikilizaji wajadili na kujaribu kuingia katika viatu vya wengine. Nia njema kabisa. Ungetarajia walioongezewa mjadala wawe wapole zaidi. Kweli walijadiliana zaidi. Lakini walikuwa na uvumilivu mdogo kuliko waliosikia mchezo peke yake, walikumbuka zaidi manung'uniko yao, na hawakuwa tayari kusaidia watu wa kundi wasilolipenda. Hilo la mwisho halikupimwa kwa maswali ya karatasi tu. Watu walipewa chumvi, kisha wakaulizwa kama wangetoa sehemu yake kwa kundi hilo. Waliohimizwa kujadili ndio waliobana zaidi.

Chumvi! Kitu ambacho huku jirani anakiomba kwenye kikombe bila aibu na hapewi hesabu ya kurudisha. Mtu asiyetaka kutoa chumvi ameshafika mbali.

Ni haki kusema kwamba jaribio lile lilipima mazungumzo ya watu wenyewe kwa wenyewe, halikupima simu zinazoingia studio, na kwamba bomba lililokauka si kabila. Mtu wa simu wazi akinijibu hivyo nitamsikiliza. Ila nitamuuliza: umeshasikia kipindi cha bomba kikabaki kwenye bomba kwa dakika ishirini? Simu ya kwanza ni maji. Ya pili ni kwa nini kartie fulani ina maji. Ya tatu ni nani anakaa kartie hiyo.

Hapo ndipo watetezi wa simu wazi wanapomtaja fundi: si yupo mezani, mkono kwenye kitelezi cha sauti? Yupo. Neno la tusi ni nusu sekunde, mkono unachukua sekunde moja, kwa hiyo fundi anakata kimya kinachofuata tusi. Vipo vifaa vya kuchelewesha matangazo kwa sekunde saba hivi, na vinasaidia pale vilipo, ingawa mpigaji ambaye hakuzima redio yake anajisikia akirudi nyuma yake mwenyewe na kuanza kugugumia. Lakini chukua simu kama hii, ambayo kila mtangazaji wa Kivu ataitambua:

"Sisi tunajua ni wale. Wale waliokuja juzi. Wanajulikana."

Kata wapi? Hakuna tusi, hakuna kabila, hakuna jina. Ukiichelewesha sekunde saba au sabini ni kauli safi. Na kila msikilizaji ameshajaza mwenyewe jina lililokosekana. Mtangazaji akiuliza hewani "wale ni nani?", ameliomba hilo jina litamkwe. Asipouliza, amekubali kwamba wanajulikana. Hana njia ya tatu, na ana sekunde mbili.

Nje ya hewa njia ya tatu ipo. Unampigia unamuuliza: wewe uliona nini, wapi, saa ngapi? Simulizi linaanza kupungua kama sabuni. Ilikuwa duka moja, saa mbili usiku, taa zimezimika, vijana watatu, na aliyeona ni shemeji yake. Kinachobaki ni wizi katika avenyu isiyo na taa. Hicho kinatangazika, na mkuu wa kartie anaweza kuulizwa kuhusu taa.

Kumpigia mtu kuna faida nyingine isiyotajwa. Asiye na mayunite anabipu tu na redio inampigia. Watu kumi kwa dakika tatu ni dakika thelathini za mayunite, gharama ndogo ukilinganisha na mafuta, na ghafla muuza samaki wa soko la Kituku aliyekosa pesa ya simu ameingia katika mji unaosikika. Mpange siku: leo Bagira, kesho Panzi, keshokutwa wanawake peke yao. Wakitumia WhatsApp, waombe sauti isiyozidi dakika moja, tazama kama ujumbe una alama ya kupelekwa mbele, na usiutumie kabla mwenye sauti hajapokea simu yako na kusema jina na avenyu yake. Sauti ya miaka mitatu iliyopita inarudi kila mwezi ikiwa na tarehe mpya.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayonisumbua, nayo ni mkasi. Anayehariri anatawala. Malalamiko dhidi ya kampuni inayolipia tangazo yanaweza kupotea mezani "kwa sababu ya muda", na hakuna atakayejua kwamba yaliwahi kuwepo. Simu wazi haina mkasi huo. Basi mkasi nao uwe na sheria inayosomwa hewani: tunakata urefu, tusi, na shutuma isiyo na shahidi, basi. Anayekata asiwe yule anayekwenda kutafuta matangazo. Sauti nzima ihifadhiwe walau mwezi mmoja, mwenye sauti akija na malalamiko asikilizishwe. Redio isiyokubali hayo, wanaosema imenunuliwa wana haki ya kuendelea kusema.

Wanaosema watu watahamia WhatsApp wamechelewa, watu walishahama. Hata hivyo uvumi wa kikundi cha ukoo unaitwa "nimetumiwa". Ukipita kwenye mawimbi unaitwa "wamesema kwenye redio", na hakuna radio trottoir (uvumi wa mitaani) yenye muhuri kama huo.

Upo usiku ambao simu lazima zifunguliwe. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 jioni, anga ya Goma ilipogeuka nyekundu juu ya volkano ya Nyiragongo, hakuna aliyehitaji ujumbe uliohaririwa. Saa kama hizo kila mpigaji ni jicho: uko wapi, unaona nini, njia inapitika? Sentensi mbili, anayefuata. Lakini siku zilizofuata ardhi iliendelea kutikisika, maneno ya gesi ya Ziwa Kivu kulipuka yakazunguka, na tarehe 27 Mei mamlaka ikaamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zihamwe. Watu wakakimbilia Sake, Rwanda, na kwa boti Bukavu. Katika siku za namna hiyo simu ileile inakuwa kitu kingine, maana hofu ya mmoja ikipita hewani ni watu mia barabarani kabla mtangazaji hajamaliza kumshukuru. Mtu wa Himbi akipiga kusema ziwa linachemka, asiingizwe hewani. Aombwe ashuke mpaka ufukweni atazame kwa macho yake, na redio impigie baada ya dakika kumi.