North Carolina ya 2022: Timu Kigeugeu Inapimwaje Kabla ya Mtoano?

Jumapili ya tarehe 13 Machi 2022, kamati inayopanga mashindano ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, NCAA, iliiweka North Carolina nafasi ya 8 katika kanda ya Mashariki. Mashindano hayo mwaka ule yalikuwa na timu 68, na ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Aliye namba 8 hucheza kwanza na namba 9, na akivuka anakutana na namba 1 wa kanda. Mwaka ule namba 1 alikuwa Baylor, bingwa mtetezi.

Kwa kuwa vijana hao wa Chapel Hill, mji kilipo chuo chao, walikuja kufika fainali, ni rahisi leo kusema kamati iliwadharau. Sioni hivyo. Ukiweka kando yaliyotokea baadaye na kutazama yaliyojulikana Jumapili ile tu, nafasi ya 8 ilikuwa ya haki.

Walikuwa wameshinda mechi 24 na kupoteza 9. Tatizo halikuwa idadi ya vipigo, bali namna walivyopigwa. Kati ya mechi hizo 9, nne walizidiwa kwa pointi 20 au zaidi. Kentucky iliwafunga 98-69 mwezi Desemba. Januari, ndani ya wiki moja, Miami iliwachapa 85-57 na Wake Forest ikawachapa 98-76. Februari Duke, mahasimu wao wa jadi, walikwenda Chapel Hill na kuondoka na ushindi wa 87-67. Siku 11 baada ya hapo wakafungwa nyumbani na Pittsburgh, 76-67, timu ambayo msimu ule haikuwa tishio kwa mtu yeyote.

Timu nzuri hufungwa, hilo halina mjadala. Lakini timu nzuri ikizidiwa hutafuta njia ya kubaki kwenye mechi: hukaza ulinzi, hupunguza kasi, huokota pointi kwenye mitupo huru. North Carolina ilikuwa ikianza kuzidiwa inaporomoka. Katika mtoano, ambako dakika kumi mbaya zinatosha kukumaliza, tabia hiyo inatisha kuliko idadi yoyote ya vipigo.

Upande wa pili nao ulikuwa na ushahidi mzito. Baada ya kipigo cha Pittsburgh walishinda mechi tano mfululizo za kumalizia msimu wa kawaida, na ya mwisho ndiyo iliyotikisa nchi. Tarehe 5 Machi walikwenda Durham, kwenye ukumbi wa Cameron, siku kocha Mike Krzyzewski alipokuwa akiiongoza Duke nyumbani kwa mara ya mwisho. Sherehe yote ilikuwa imeandaliwa kwa ajili yake. North Carolina ikashinda 94-81, na wachezaji wanne wakafunga pointi 20 au zaidi kila mmoja: Armando Bacot, Caleb Love, RJ Davis na Brady Manek.

Hiyo haikuwa bahati ya siku moja. Kulikuwa na sababu ya kiufundi. Dawson Garcia alikuwa ameondoka kikosini kwa sababu za kifamilia, na nafasi yake katika kikosi cha kwanza ikashikwa na Manek, mtu mrefu mwenye mkono wa kutupa kutoka mbali. Beki wa upande wa pili aliyemfuata Manek nje ya mstari wa pointi tatu alikuwa anaacha uwazi chini ya kikapu, na pale alikuwapo Bacot, aliyekuwa akiokota mipira inayogonga ubao kuliko karibu mtu yeyote nchini. Leaky Black akakabidhiwa kazi ya kumkaba mfungaji hatari zaidi wa wapinzani. Kocha Hubert Davis, akiwa katika mwaka wake wa kwanza, alikuwa amepata watano wake.

Watano tu, na hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa. Benchi halikuwa likitumika sana. Ijumaa ya tarehe 11 Machi, siku mbili kabla ya kamati kutangaza ratiba, Virginia Tech iliwafunga 72-59 katika nusu fainali ya kombe la ACC, ligi yao. Mitupo ilipokataa, hakukuwa na mpango mwingine.

Anayetetea timu kigeugeu hukimbilia mfano wa Connecticut ya 2011, na ni mfano mzuri. Tanzania chuo hicho kinajulikana kwa sababu Hasheem Thabeet alichezea pale hadi 2009, kabla ya kuchaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya. Miaka miwili baada yake, Connecticut ilimaliza ligi yake ya Big East kwa ushindi 9 na vipigo 9. Kisha ikashinda mechi tano katika siku tano na kutwaa kombe la Big East, ikaendelea hadi ubingwa wa nchi ikibebwa na Kemba Walker.

Ila mifano hiyo miwili haifanani. Vipigo vyote 9 vya Connecticut vilitoka ndani ya Big East, ligi iliyopeleka timu 11 kwenye mashindano ya NCAA mwaka ule. Nje ya ligi hiyo hawakufungwa na mtu. Na katika fainali dhidi ya Butler walitupa mitupo 11 ya pointi tatu wakapata mmoja tu, bado wakashinda 53-41, kwa sababu ulinzi wao haukutegemea mkono wa mtu kuwa na moto. Kupanda na kushuka kwao kulitokana na ugumu wa wapinzani. Kwa North Carolina kulitoka ndani ya timu yenyewe.

Anayetaka kuona pande zote mbili kwa wakati mmoja airudie mechi yao na Baylor. Kipindi cha pili North Carolina walikuwa mbele kwa pointi 25. Manek, akiwa na pointi 26, akatolewa nje kwa kumpiga mpinzani kiwiko. Love naye akatoka kwa kujaza makosa. Baylor wakabana uwanja mzima na pointi 25 zikayeyuka zote, ikawa 80-80. Lile poromoko la Januari lilikuwa limerudi mbele ya macho ya nchi nzima. Halafu katika muda wa ziada RJ Davis, aliyemaliza na pointi 30, na Bacot wakasimama, wakashinda 93-86. Timu ya Januari ingefungwa mechi ile, na hapo ndipo nilipokubali kwamba kitu fulani kilikuwa kimebadilika kweli.

Kilibadilika, hakikutoweka. Love alifunga 30 dhidi ya UCLA na 28 dhidi ya Duke katika nusu fainali ya 81-77. Katika fainali na Kansas alipata mitupo 5 kati ya 24. Walikuwa mbele 40-25 wakati wa mapumziko, wakafungwa 72-69. Watano wale wale walikuwa wamechoka, na Bacot alikuwa akicheza na kifundo cha mguu kilichoumia.

Ndiyo maana sikuelewa walipowekwa namba 1 katika orodha ya timu bora nchini kabla ya msimu uliofuata. Hoja ilikuwa kwamba wanne kati ya watano wanarudi. Lakini aliyekuwa ameondoka ni Manek, na ndiye aliyekuwa akiwafungulia wengine uwanja. Pete Nance alitoka Northwestern kuziba pengo, naye ni mchezaji mzuri, ila mabeki hawakumwogopa kwa umbali ule. Bacot akakuta watu wawili au watatu wamemzunguka chini ya kikapu, Love na Davis wakatupa mipira migumu. Walimaliza na ushindi 20 na vipigo 13. Tangu mashindano yapanuliwe hadi timu 64 mwaka 1985, hakukuwa na timu iliyoanza msimu ikiwa namba 1 kisha ikakosa kualikwa. Wao ndio walikuwa wa kwanza, Machi 2023.