Kwale wa Udzungwa hahitaji paini

Sisi wa Iringa tumezoea kuhesabu miti kwa heka. Ukishapanda paini au milingoti unajiona umehifadhi mazingira, na kwenye mikutano unapigiwa makofi. Sina ugomvi na paini. Imesomesha watoto wengi Mufindi na Kilolo. Ninachokataa ni kuiita msitu.

Kuna kwale mmoja ambaye wanasayansi walimgundua mwaka 1991 tu, tena kupitia jikoni. Watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini katika milima ya Udzungwa, waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Mwaka 1994 akapewa jina la kitaalamu, Xenoperdix udzungwensis. (Aliyempika, nadhani, alikuwa anamjua siku nyingi.) Cha ajabu zaidi, ndugu zake wa karibu si hawa kwale wa mashambani kwetu, ni wale wa misitu ya Asia.

Makazi yake ni misitu miwili ya Udzungwa, Ndundulu na Nyumbanitu, basi. Kuna mwenzake katika milima ya Rubeho, lakini baadhi ya wataalamu wanamhesabu kuwa spishi nyingine.

Nimewahi kuulizwa: si ana mabawa, kwa nini asihame? Anayo, lakini maisha yake yako chini. Anatembea kwenye kivuli kizito akipekua majani yaliyooza, akiokota wadudu na mbegu. Ingia shamba la paini utazame chini: sindano kavu za kahawia, zimelala kama mkeka, huku na kule tunda moja kavu la paini. Atapekua nini pale? Akitoka msituni anakutana na nyasi na mashamba, jua kali, mahali pa kujificha hakuna. Na kilele kina mwisho. Joto likizidi kupanda, hana mlima mwingine wa kukimbilia.

Misitu yote miwili imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero, kwa hiyo paini haitapandwa mle. Hatari iliyopo mle ni tanzi la waya. Linategwa kwa ajili ya paa, lakini ndege anayetembea chini naye analiingia. Kwa hiyo fedha za mazingira zikija, mimi ningetaka nyingi ziende kwa vijana wa doria wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, watoe hayo matanzi kila wiki, walipwe kwa wakati. Miche ya paini ina wanunuzi wake tayari.