Paulo Alisahau, na Waraka Haukufutwa

"Biblia iliandikwa na watu." Baadhi ya Wakristo huisikia kauli hiyo kama tusi, na wakosoaji wao huitamka kama ushindi. Bila kujua, wote wawili wamekubaliana kwamba ukionekana mkono wa mtu, wa Mungu haupo. Maandiko yenyewe hayasemi hivyo.

Soma sura ya kwanza ya Wakorintho wa Kwanza. Paulo, amechoshwa na makundi ya Korintho, anashukuru kwamba hakumbatiza mtu kwao ila Krispo na Gayo. Mara anakumbuka: aa, na watu wa nyumbani kwa Stefana. Kisha anamalizia kwamba zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mwingine. Na huyo Stefana, tukifika sura ya 16, kumbe yupo palepale Paulo alipo! Huenda ndiye aliyemkumbusha. Kwa kuwa Paulo anasema salamu za mwisho ni za mkono wake mwenyewe, inaelekea mwingine ndiye aliyekuwa akiandika huku yeye akitamka. Ingekuwa rahisi kurudi juu na kuongeza jina la tatu. Haikufanyika, na wanakili waliofuata, karne baada ya karne, nao wakaliacha kosa na sahihisho lake vikae pamoja. Anayeshikilia kwamba kila neno liliamriwa kutoka juu, herufi kwa herufi, atueleze ni nani hapo aliyesahau.

Si mahali pekee. Luka anamwambia Theofilo kwamba wengi walikwisha kuandika kabla yake, naye amechunguza mambo kwa usahihi; hadai kuoteshwa ndoto. Katika Warumi 16, Tertio anajitokeza kusalimu kwa jina lake kama mwandishi wa waraka. Yeremia 36 inasimulia jinsi mfalme Yehoyakimu alivyokata gombo la maneno ya nabii Yeremia na kulitupa motoni, karani wake nabii, Baruku, akaandika jingine, na maneno mengi yakaongezwa. Watu hawa hawakuona haya kuonekana kazini. Ni sisi tuliowaonea haya.

Lakini hofu ya upande wa pili, wa wale wanaoogopa kuona mkono wa mtu katika Maandiko, si ya kijinga. Paulo akisema katika 1 Wakorintho 7 kwamba jambo hili analisema yeye, si Bwana, msomaji ana haki ya kuuliza ni mistari mingapi mingine iko hivyo bila kutajwa. Orodha yenyewe ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunaikuta kwa mara ya kwanza, kamili kama tuliyo nayo, katika barua ya askofu Athanasius wa Aleksandria ya mwaka 367. Kwa muumini, Roho aliliongoza kanisa kuvitambua; sawa, ila alipitia mabishano marefu ya watu.

Kwangu fundo gumu ni nyaraka ambazo wataalamu wengi wanaona hazikuandikwa na wanaotajwa: 2 Petro, na zile kwa Timotheo na Tito. Mstari unaonukuliwa kuliko yote kutetea uvuvio, kila andiko lenye pumzi ya Mungu, umo katika 2 Timotheo. Watetezi wa tafsiri yangu, kwamba Mungu alisema kupitia mikono ya watu, hupenda kusema kuwa kuandika kwa jina la mwalimu ilikuwa desturi ya kale isiyomkera mtu. Sishawishiki. 2 Wathesalonike inaonya juu ya barua zinazodaiwa kuwa za mitume. Tertullian, mwandishi Mkristo wa kale, naye anasimulia kuhusu mzee wa kanisa huko Asia aliyetunga maandiko kwa jina la Paulo: alipobanwa alikiri, akajitetea kuwa alifanya kwa kumpenda Paulo, lakini hakubaki katika cheo chake. Kusahau kwa Paulo kunamezeka. Jina la kuazima ni shauri jingine, na upande wangu bado haujalijibu vya kutosha.