Shangazi, au mama mdogo?

Neno moja limenisumbua wiki nzima: Tsiotka. Kwa Kibelarusi dada wa baba ni tsiotka, dada wa mama ni tsiotka, na hata jirani wa makamo asiye na undugu nawe unaweza kumwita hivyo hivyo. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Lazima uchague: shangazi, mama mdogo au mama mkubwa. Nimechagua shangazi, kwa kuwa kwetu shangazi ndiye mwenye ruhusa ya kukwambia yale ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka.

Aliyejipa jina hilo la kalamu ni mwandishi wa Kibelarusi, Alaiza Pashkevich, aliyezaliwa 1876 upande wa Lida, enzi ambazo Belarusi yote ilikuwa chini ya Tsar wa Urusi. Kwao hawakuwa fukara. Alisomeshwa Vilnius, ambao leo ni mji mkuu wa Lithuania, kisha St Petersburg. Msichana wa namna hiyo alitarajiwa kurudi nyumbani na Kirusi au Kipolandi kilichonyooka, na Kibelarusi awaachie wakulima, maana wakubwa walikiona kama lahaja tu ya mashambani. Yeye akakishika hicho hicho. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Hramada, chama cha kwanza cha siasa cha Wabelarusi, chenye mrengo wa kisoshalisti. Wakati huo huo alikuwa na kazi yake ya mshahara: tabibu msaidizi katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Vilnius.

Mapinduzi ya 1905 yalipolipuka katika dola ya Urusi, aliandika vipeperushi na mashairi makali, polisi wakaanza kumtafuta, akavuka mpaka hadi Lviv, mji uliokuwa mikononi mwa Austria. Alikuwa na majina mengine ya kujifichia, mengine ya kiume kabisa. Ninalolipenda zaidi ni Matsei Krapiuka. Krapiva ni ule mmea wa Ulaya unaowasha ukiugusa, kama upupu wetu.

Basi, ukisoma habari zake leo, karibu kila mtu anaanza na neno "mshairi". Mimi napinga. Si kwamba mashairi ni mabaya. Ila ukimwita mshairi kwanza, siasa yake inageuka kuwa hasira za ujana, na uhariri wake unakuwa kibarua cha pembeni.

Chukua mwaka mmoja tu, 1906. Mnamo Septemba mjini Vilnius lilitoka Nasha Dolia, gazeti la kwanza halali la Kibelarusi. Jina lake lina maana ya "Majaaliwa Yetu". Hadithi ya Pashkevich kuhusu kiapo juu ya matuta yenye damu ilikuwa katika toleo la kwanza. Polisi wakalikamata toleo hilo. Yalitoka matoleo 6 tu, gazeti likafungwa. Hapa, niseme kweli, namlaumu kidogo, yeye na wenzake. Watu mmengoja miaka na miaka mpate gazeti kwa lugha yenu, kisha siku ya kwanza mnamtia mtawala kidole jichoni! Nasha Niva, lililofuata Novemba ile ile, lilipunguza sauti na likaishi hadi 1915. Tena kwa miaka kadhaa lilichapwa kwa hati mbili, ya Kirusi kwa Waorthodoksi na ya Kilatini kwa Wakatoliki, ili asiwepo wa kusema halikuandikwa kwa ajili yake.

Lakini mwaka huo huo wa hadithi ya damu, Pashkevich alitoa kitabu cha watoto cha kujifunzia kusoma kwa Kibelarusi. Kilitolewa St Petersburg na shirika lenye jina refu la kupendeza: "Jua litachungulia hata dirishani kwetu". Kwangu mimi hiki ndicho kitendo chake kikubwa cha kisiasa. Mkulima asiyejua kusoma huwezi kumpa gazeti, hata liwe na moto kiasi gani. Nadhani na yeye aliliona hilo, kwa sababu baada ya kurudi Vilnius alizidi kuelekea huko. (Alirudi 1911 kwa njia ya ndoa. Aliolewa na Steponas Kairys, mhandisi na mwanasiasa wa Lithuania, akapata jina jipya la ukoo.) Mwaka 1914 alihariri Luchynka, jarida la vijana lililotoka Minsk. Luchynka ni kile kijiti cha ukuni kilichowashwa vijijini usiku kuangazia chumba. Humo aliwahimiza vijana waiheshimu lugha yao, na aliwasimulia habari za ndege. Ndege! Mwandishi yule yule wa matuta yenye damu.

Vita vilipokuja na Wajerumani wakaushika mji wa Vilnius 1915, alijitosa kufungua shule za Kibelarusi na kuandaa mafunzo ya walimu, huku akiuguza wagonjwa. Mwanzoni mwa 1916 alikwenda kijijini kumzika baba yake. Akakuta homa ya tifasi imetanda. Badala ya kurudi mjini alibaki kuwatibu majirani, ikampata na yeye. Alifariki Februari, na miaka 40 hajaifikisha, akazikwa huko huko kwao.

Februari 1918 Kairys alitia saini tangazo la uhuru wa Lithuania. Mwezi uliofuata Wabelarusi nao wakatangaza jamhuri yao huru mjini Minsk, na katika serikali yake ya awali mwanamke alikuwa mmoja, mwalimu Paluta Badunova, ambaye baadaye, 1938, aliuawa na utawala wa Stalin. Mtoto aliyeshika kile kitabu cha kusomea mwaka 1906 akiwa na miaka 8, siku ya tangazo la Minsk alikuwa kijana wa 20, na lile tangazo aliweza kulisoma mwenyewe.