Tazama Anachokalia Fundi

Siku moja niliingia kwenye karakana ya seremala nikiwa na picha kwenye simu. Rafu ya vitabu, nyeupe, imemeza ukuta mzima kutoka sakafuni hadi darini. Nikamwonyesha. "Fundi, nataka hii hii." Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuitazama mimi mwenyewe.

"Dada, hapa dari iko juu kiasi gani?"

Sikujua.

"Na ya kwako?"

Hiyo nayo sikujua. Akauliza nina vitabu vingapi. Nikahesabu kichwani, nikasema kama 40 hivi. Akanirudishia simu kwa upole ule wa mtu anayemnyang'anya mtoto kisu kilichoshikwa upande wa makali.

"Kwa vitabu 40 unahitaji ubao mmoja. Mita moja na kidogo."

Akaniambia shida yangu haikuwa rafu, shida ilikuwa ubao kubonyea katikati vitabu vikishapangwa. Akachukua vipande viwili, kimoja chembamba na kingine kinene maradufu, akaviegemeza kati ya meza mbili na kunitaka nibonyeze. Chembamba kilipinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Kinene hakikutikisika. "Unaona? Unene umeongezeka mara mbili, lakini nguvu si mara mbili." Baadaye nilikuja kujua kwamba wahandisi wana hesabu yake: ukiuongeza ubao unene mara mbili, ugumu wake wa kutopinda unaongezeka mara 8. Yeye hakunitajia namba yoyote. Alinipa ubao nibonyeze.

Alipokwenda kutafuta penseli ndipo nikakiona kigoda alichokuwa amekikalia. Miguu mitatu, kila mmoja wa mti tofauti, ni wazi vilikuwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu. Kikalio kimechongwa shimo dogo la kumpokea mtu. Upande mmoja wa ukingo umeng'aa, si kwa vanishi, ni pale mkono wake unapokishika kila anapokisogeza. Nikakikalia. Sakafu ya karakana ile ina mashimo na imejaa maranda, lakini kigoda kilitulia tuli, maana kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu iwe mbovu namna gani. Mbele ya karakana kulikuwa na meza za kioo na vitanda vyenye vichwa vya maua, vyote vya kuuza. Kitu kizuri kuliko vyote mle ndani hakikuwa na bei.

Tangu siku ile, nikiingia duka dogo au karakana, bidhaa zilizopangwa mbele naziacha mwisho. Kwanza natafuta anachotumia mwenyewe: kikombe anachonywea mfinyanzi, pazia alilotundika mshona mapazia kwenye dirisha lake, taa anayofanyia kazi mwenye duka la taa. Bidhaa ya mbele imetengenezwa kwa kubahatisha wateja wanataka nini. Ya nyuma imetengenezwa na mtu anayejua kazi, kwa ajili ya mtu anayejua kazi, bila kumwogopa mteja.

Wengi wetu siku hizi tunapata mawazo ya kupamba nyumba kwenye simu. Sikatai, hata mimi bado natazama. Lakini picha ina udhaifu ambao hauonekani mpaka ukae na mbao mkononi. Haina mgongo wala tumbo, huwezi kuigeuza. Haina uzito. Imepigwa saa ile nzuri ya mwanga, waya zote za umeme zimefichwa, na mtu aliyeishi mle ndani ameombwa atoke. Na kwa kuwa wote tunaletewa picha zile zile, nyumba zetu zinaanza kufanana kama vyumba vya hoteli moja: kochi la kijivu, mmea kwenye kikapu, kioo cha duara.

Maduka makubwa ya samani nayo yana ulaghai wake, ingawa ni wa kistaarabu. Kile chumba cha maonyesho hakina ukuta wa nne. Mara nyingi hakina hata dari, juu ni paa la ghala lililo mbali kabisa. Hakina mlango unaofunguka ukagonga kiti. Kochi lililoonekana dogo pale, nyumbani linageuka jahazi lililokwama mtoni.

Duka dogo haliwezi kukudanganya hivyo, kwa sababu lenyewe ni chumba. Lina nguzo mahali pabaya, dirisha moja, kona yenye giza, na mwenyewe lazima apange vitu vyote na bado watu wapite. Shida zake ni zako. Nimejifunza mengi kwa kusimama tu katikati ya duka la namna hiyo na kujiuliza kwa nini kitu kimewekwa kilipowekwa. Kioo kiko ubavuni mwa dirisha, hakijaelekezwa kwenye ukuta mtupu. Vikapu vinaning'inia juu kwa sababu sakafu haina nafasi. Ukuta wa nyuma umepakwa rangi nzito, na badala ya duka kuonekana limebanwa, ule ukuta unarudi nyuma na vyombo vyeupe vinajitokeza. Hili la rangi nzito niliogopa kulijaribu kwa miaka. Kila mtu alikuwa ameniambia chumba kidogo ni lazima kiwe cheupe.

Kuna jambo la mwanga pia, nalo ni la kuchukua hatua chache tu. Taa zenye mwanga wa manjano, zile zinazoandikwa 2700K kwenye boksi, zinafanya kitambaa chekundu kiwake na cha bluu kififie. Mwanga wa mchana ni habari nyingine kabisa. Kwenye duka dogo unaweza kusema, "Samahani, naomba nikitazame nje," ukatoka na kitambaa hadi mlangoni, na mwenye duka akatoka na wewe, akakuambia na yeye anakionaje. Mmoja aliwahi kunikatia kipande cha kiganja nikakae nacho siku tatu nyumbani. Siku ya pili jioni nilishagundua kwamba kile nilichokiita kijani kwangu ni kijivu. Kipande kile kiliniokoa na mapazia ya dirisha zima, na dirisha linameza kitambaa: ili pazia liwe na mikunjo mizuri unahitaji kitambaa chenye upana unaokaribia mara mbili ya dirisha lenyewe.

Lakini nitoe mfano wa kile hasa ninachokiita kupata wazo, kwa sababu wengi wanadhani ni kununua.

Nilikuwa kwa mfinyanzi nikageuza bakuli. Ndani na nje lilikuwa na ngozi ya kioo, bluu inayoelekea nyeusi, ila chini kabisa, karibu upana wa kidole kabla ya kufika kitako, ile bluu ilikatika na udongo ukabaki mtupu, mwekundu, mkavu, unakwaruza kidogo. Nikauliza kama ni pambo. Akasema si pambo. Ile ngozi ikiyeyuka ndani ya tanuri inakuwa kama kioo cha maji, ikishuka hadi kitakoni bakuli litagandamana na rafu ya tanuri na hutalitoa bila kulivunja. Kwa hiyo anaacha nafasi. Akaongeza kwamba udongo unasinyaa, kwa wastani kama sehemu moja ya kumi, kati ya kufinyangwa na kutoka motoni, kwa hiyo anapofinyanga bakuli anafinyanga kubwa kuliko analolitaka.

Bakuli lile sikulinunua, lilikuwa juu ya uwezo wangu mwezi ule. Niliporudi nyumbani nikapaka ukuta wa barazani ile bluu, na nikaisimamisha kiganja kimoja kabla ya kufika sakafuni, plasta ikabaki kama ilivyo. Kila mgeni ananiuliza kama rangi iliniishia. Lakini pale chini ndipo ufagio na viatu vinapogusa, ndipo rangi inapochubuka kwanza kwenye nyumba zote, na pangu hapana cha kuchubuka. Mfinyanzi alinipa sababu. Mimi nilitafuta mahali pa kuiweka.

William Morris, yule Mwingereza ambaye michoro yake ya majani na ndege bado inachapwa kwenye karatasi za ukutani hadi leo, alikuwa na kampuni yake ya mapambo tangu 1861. Hakuridhika na rangi za viwandani za wakati wake. Kuanzia 1875 akawa anakwenda mji wa Leek, huko huko Uingereza, kwenye kiwanda cha kutia rangi cha Thomas Wardle, kujifunza kwa mikono yake mwenyewe, hadi mikono ikabaki na bluu ya nili. Kitambaa chake maarufu cha 1883, kile cha ndege wanaoiba stroberi, kimetokana na kazi ile: nguo yote huchovywa kwanza kwenye nili, kisha rangi huondolewa kwa dawa pale ambapo mchoro utakaa. Asingekiwaza akiwa mezani na penseli peke yake. Na kejeli ya maisha yake ni kwamba alitaka vitu vizuri vimfikie kila mtu, ila waliomudu kuvinunua walikuwa matajiri. Kejeli hiyo bado iko nasi. Kazi ya mkono huchukua muda, na muda wa mtu una bei. Ndiyo maana nasema hata usiponunua, ingia, uliza, lakini usimpotezee fundi asubuhi nzima kama huna nia. Nunua hata kitu kidogo.

Sina ugomvi na viwanda. Kiti namba 14 cha Michael Thonet, kile cha mbao zilizopindwa ambacho mikahawa ya Ulaya ilijaa nacho, kilianza kutengenezwa 1859 kwa vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2, na viti 36 vikifunguliwa vilienea kwenye boksi la mita moja ya ujazo. Ni kitu cha kiwandani na ni kizuri mno. Ila Thonet alikuwa seremala aliyefungua karakana yake huko Boppard, Ujerumani, mwaka 1819, na alihangaika miaka na miaka na gundi, mvuke na mbao zilizopasuka kabla ya kufika kwenye kile kiti.

Na si kila kilichofanywa kwa mkono ni kizuri. Nimeona meza za mkono zinazoyumba, na vikapu vinavyoachia mpini wiki ya pili. Pia kuna maduka madogo yanayouza bidhaa za kiwandani kwa maneno matamu. Geuza kitu. Vuta droo, itoe kabisa, tazama nyuma yake na jinsi pembe zilivyounganishwa. Bakuli 20 zinazolingana hadi kwenye kasoro, doa moja mahali pale pale, hizo zimetoka kwenye kalibu. Ukimwuliza mwuzaji nani katengeneza na akaanza kukuelezea hisia, shukuru uondoke.

Jambo moja linanikera, na watu ninaowapenda wanalifanya: kupiga picha kazi ya fundi mmoja na kuipeleka kwa mwingine aifanye kwa bei nafuu. Wanaita hilo kupata wazo. Kuchukua kanuni ya ukingo usiopakwa ukaipeleka ukutani ni jambo moja. Kuchukua taa ya mtu, kipimo kwa kipimo, ni kumla mtu jasho lake. Na mara nyingi nakala hutoka mbaya, kwa sababu fundi wa pili anaona umbo na hajui lilikotoka. Kabla ya kupiga picha dukani, omba ruhusa.

Kitu cha mwisho ninachokitafuta kwenye karakana ni kona ya mabaki. George Nakashima, msanifu majengo Mmarekani mwenye asili ya Japani, alifungwa na familia yake kwenye kambi ya Minidoka huko Idaho mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kama Wamarekani wengi wenye asili hiyo. Humo alikutana na seremala aliyefundwa useremala wa Kijapani, Gentaro Hikogawa, akawa mwanafunzi wake. Baadaye, kwenye karakana yake ya New Hope, Pennsylvania, alijulikana kwa meza zinazoacha ukingo wa mti kama ulivyoota, na nyufa anazozifunga kwa vipande vya mbao vyenye umbo la kipepeo badala ya kuzificha. Mbao ambazo wengine wangezikataa kwa sababu ya ufa, yeye aliufanya ule ufa kuwa mahali pa kutazama. Kwa hiyo naomba kupekua mabaki. Nimetoka na kipande cha mninga chenye jicho lililotoboka, sasa kinatundikiwa funguo mlangoni. Vipande vya vigae vya rangi tatu vimekaa nyuma ya jiko. Mafundi wengi hushangaa kwanza, kisha wanaanza kukuchimbulia wenyewe na kukusimulia kila kipande kilitoka kwenye kazi gani.

Ubao wangu wa vitabu uko ukutani mwaka wa tatu sasa, mnene, haujabonyea. Vitabu vimezidi 50 na vingine vimelala juu ya wenzao, kwa hiyo wiki iliyopita nilirudi kwa fundi. Safari hii nilikwenda na vipimo vya ukuta na vya dari, nimeviandika nyuma ya risiti. Akavisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakosoa kimoja. Nikaona nimepata ujasiri, nikamwomba na kigoda kama chake. Akacheka, akasema nisubiri mabaki yapatikane. Mguu mmoja ameshauweka pembeni.