Arusha tunamjua kibaka, ila hatumwandiki

Wabongo wenzangu tulioko huku tunapenda kusema Ulaya kuna usalama kwa sababu ya kamera. Nimeishi Uingereza miaka ya kutosha kubisha. Kamera zipo, na baiskeli zinaibwa chini yake mchana kweupe. Kilichonivutia mimi ni kitu cha bei rahisi zaidi: karatasi.

Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akifungulia muziki saa saba za usiku. Nikalalamika halmashauri. Badala ya kuja kumfokea, wakanitumia fomu nijaze tarehe, saa kelele zilipoanza, zilipoisha, na zimeniathiri vipi. Nikaona dharau. Mtu hajalala, halafu unampa kazi ya kuandika! Lakini fomu zilipojaa, hakukuwa na ofisa wa kuniambia "hatujawahi kusikia." Na sheria yao ya mwaka 2014 inampa mlalamikaji haki ya kudai polisi na halmashauri wakae meza moja wapitie upya kesi yake, kama amesharipoti bila kusaidiwa. Maeneo mengi inatosha malalamiko matatu ndani ya miezi sita.

Nisiwapambe sana. Mwaka 1998 walitunga amri ya kumzuia kijana msumbufu asikanyage mtaa fulani au asionekane na fulani. Baadhi ya vijana wakaigeuza nishani, wakawa wanatambiana nayo, na sheria hiyohiyo ya 2014 ikaifuta. Sababu ya amri hiyo kushindwa naiona jioni pale kituo cha basi cha hukuhuku: watoto wanavunja chupa, watu wazima tunapita macho kwenye simu, na hakuna anayejua wale ni watoto wa nani. Hakimu hamjui kijana, polisi hamjui mama yake.

Arusha hiyo shida hatuna. Wale wa kupora mikoba kwa pikipiki sawa, pengine wanatoka mbali. Ila Sombetini, Ngarenaro au Unga Limited, chalii anayeanua nguo za watu usiku, anayeng'oa betri za gari, anayeuza bangi nyuma ya banda la chipsi, mtaa mzima unamjua hadi bibi yake. Mwenyekiti anaambiwa. Anajibu, "Nimesikia mama, nitaongea na baba yake." Imeisha. Mara ya pili hivyo hivyo. Ya tatu anadakwa na redio ya mtu, inapigwa yowe "mwizi!", na watu waliovumilia mwaka mzima wanammalizia hasira zote kwa dakika kumi. Kesho yake gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba ni ukoo fulani. Kwangu mimi, hasira kali ni malalamiko yaliyokosa pa kuandikwa.

Na si kwamba ofisi ya mtaa haijui kuandika. Ukitaka barua ya utambulisho ya benki au ya kumdhamini ndugu polisi, mwenyekiti anaandika na kugonga muhuri hapo hapo. Hela ya ulinzi shirikishi inakusanywa nyumba kwa nyumba, na asiyetoa jina lake linasomwa mbele za watu. Ila muulize mwezi uliopita kumetokea matukio mangapi, saa ngapi, kona ipi. Atakujibu ya kichwani. Walinzi nao wanazunguka na filimbi na virungu, njia ile ile ya kila siku, hata kama wiki hii wizi wote umehamia upande wa mtoni.

Njiro, upande wa wenye hela hapo hapo Arusha, wamejibu kwa kuta na nyaya za umeme. Haya, mwenye nazo ajenge.

Sisi wengine tunahitaji daftari la malalamiko kwenye ofisi ya mtaa. Najua nitaambiwa litatumika kukomoana, kwamba mwenye ugomvi wa mpaka atamwandika mtoto wa jirani kila wiki. Ataandika kweli, sikatai. Kwa hiyo lisikae kwa mwenyekiti peke yake. Polisi kata alipitie kila mwezi na kusaini, mlalamikaji apewe namba ya lalamiko lake, na mzazi wa aliyetajwa aitwe ajieleze, maelezo yake yaandikwe pembeni. Yakifika matatu juu ya mtu mmoja bila hatua yoyote, mwenyekiti asimame kwenye mkutano wa mtaa atuambie kwa nini. Mikutano hiyo ipo tayari. Kwa sasa ajenda yake kubwa ni nani hajatoa hela ya walinzi.