Sauti au silabi? Mvutano wa kusoma katika darasa la kwanza

Katika madarasa ya kwanza ya Arusha na Moshi kuna njia kuu mbili za kufundisha kusoma. Ya kwanza ni chati ya silabi: mwalimu anagusa ubao kwa kijiti, darasa zima linaitikia ba, be, bi, bo, bu. Ya pili ni sauti za herufi moja moja, ambazo mtoto hufundishwa kuziunganisha hadi zitoe neno. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015, uliotenga asilimia 80 ya muda kwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), uliipa nguvu njia ya sauti, na shule za mchepuo wa Kiingereza, ambazo ni nyingi katika miji hii miwili, nazo huifuata. Hata hivyo chati haijaondoka ukutani, na wanaoitetea wana sababu.

Sababu yao kubwa ni umbo la Kiswahili chenyewe. Karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu. Mtoto wa miaka sita hugawa ka-la-mu kwa makofi bila kufundishwa, lakini ukimwambia atenge k, a, l, a, m, u, anakwama, kwa sababu hajawahi kusikia k ikiwa peke yake. Tena herufi kama p, t, k, b na d hazitamkiki vizuri bila irabu. Mwalimu asiye makini anazitamka "ka" na "ta", kisha anamtaka mtoto aunganishe ka-a-ta-a apate kata. Mtoto anasoma "kaataa", na kosa si lake. Kuna pia suala la idadi. Mbele ya watoto 80 kwenye chumba kimoja, kuitikia pamoja kunampa kila mtoto nafasi ya kufungua mdomo angalau mara kadhaa katika kipindi cha dakika 30.

Udhaifu wa chati ni kwamba inaweza kuimbwa bila kusomwa. Jaribio lake ni jepesi: funika mstari wote, acha "bo" peke yake, mwite mtoto mmoja. Wengi huanza kimoyomoyo tangu ba mpaka wafike bo, na wengine hutaja silabi yoyote inayowajia. Wamejua mpangilio wa wimbo, na macho yao hayakuwa kwenye herufi. Idadi ya silabi nayo inawaelemea. Silabi sahili za Kiswahili zinazidi 100, na bado hujaweka mba, nda, nje, kwa, mwa na ndugu zake. Mtoto anayekariri kila moja kama picha atachoka kabla ya kufika nusu. Anayejua irabu 5 na sauti za konsonanti anaweza kuijenga silabi ambayo hajawahi kuiona. Hapo ndipo watetezi wa sauti wanaposhinda hoja, na wanastahili kushinda.

Ila nao wana mahali pa kukosea. Ushahidi wanaoutaja mara kwa mara, kama ripoti ya jopo la kitaifa la usomaji la Marekani ya mwaka 2000, ulitokana kwa sehemu kubwa na utafiti juu ya Kiingereza, lugha yenye sauti takriban 44 zinazoandikwa kwa herufi 26, ambamo herufi a husomwa kivingine katika cat, kivingine katika cake na kivingine katika ball. Mtoto wa lugha hiyo hana budi kupewa sauti na kanuni zake kwa miaka kadhaa. Kiswahili hakina mzigo huo. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walilinganisha wasomaji wa mwaka wa kwanza katika lugha 13 za Ulaya: katika lugha nyingi zenye tahajia ya uhakika, yaani herufi haibadiliki sauti ovyo, watoto walisoma sawasawa maneno zaidi ya 9 kati ya 10, ilhali watoto wa Scotland waliokuwa wakijifunza Kiingereza walisoma kama theluthi tu. Kiswahili kiko upande wa lugha zenye tahajia ya uhakika. Kwa hiyo mtoto wa Pasua, Moshi, au wa Sakina, Arusha, anayemaliza darasa la kwanza bila kusoma "kiti" asipewe haraka jina la mzito wa kuelewa. Kwanza tuangalie alivyofundishwa, alishika kitabu mara ngapi, na alisoma peke yake kwa dakika ngapi.

Kwa maoni yangu, swali la "kipi kwanza" limewekwa vibaya. Sauti ndiyo mlango wa kuingilia, silabi ndiyo kipimo cha kutembelea, na kutoka moja kwenda nyingine isichukue zaidi ya siku mbili au tatu kwa kila herufi. Usingoje herufi zote 24 ziishe ndipo uanze maneno. Chukua saba: a, i, u, m, k, t, l. Anza na m kwa sababu inavutika, mmmm, kisha iingize kwenye irabu bila kukata pumzi: mmmaaa, ma. K na t zitamkwe fupi na kavu, na mara moja zifuatwe na irabu, ka, ta, ili lile tatizo la "kaataa" lisizaliwe. Kwa herufi hizo saba tu mtoto anasoma mama, kiti, tatu, kuku, kula, kalamu, taa, mti, na hata sentensi kamili: Mama alikata mti. Kuku alilala. Mtoto aliyesoma sentensi yenye maana katika mwezi wa kwanza huwa mtu mwingine darasani.

Vifaa si kisingizio. Vizibo 21 vya soda, kila herufi mara tatu, vikiandikwa kwa maka pen, vinatosha watoto wawili kuunda karibu maneno yote hayo. Kipindi kigawanywe hivi: dakika 5 za kusikiliza bila maandishi (neno gani linaanza na mmm?), dakika 5 za herufi mpya na umbo lake, 10 za kuunda na kuvunja silabi kwa vizibo, na 10 za mwisho za kusoma mmoja mmoja na imla ya maneno matatu. Imla isirukwe. Ndiyo inayomfichua mtoto aliyekuwa akifuata midomo ya wenzake. Kuitikia pamoja kubaki, lakini silabi zichanganywe kila siku: bo, ki, ma, tu, la, usiziweke tena kwenye mstari wa a, e, i, o, u.

Makosa mengine yanajulikana na yana sababu. Herufi b na d hugeuzwa kwa kuwa maumbo yake yanafanana, hasa zikifundishwa wiki moja; ziachanishwe kwa wiki kadhaa. "Mti" husomwa "miti" au "muti" kwa kuwa mtoto amezoea konsonanti ifuatwe na irabu. Aonyeshwe kwa makofi kwamba m hapo ni silabi inayojitegemea, m-ti, m-ke-ka. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma zifundishwe mbalimbali, ile ya kwanza ikitangulia kwa maneno machache tu. Vibao vya daladala navyo ni kitabu cha bure: Sakina na Pasua husomeka mapema, Moshono ikisubiri sh, na Njiro na Ngaramtoni zikija baada ya mtoto kuzifahamu nj na ng.

Kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza kuna kosa moja ambalo wazazi wangelifahamu wangeuliza maswali. Mtoto anafundishwa majina ya herufi kwa Kiingereza, ei, bii, sii, tangu awali, na hayo ndiyo anayoimba nyumbani. Kwake E ni "ii" na I ni "ai". Ukimsomea imla ya Kiswahili, "kiti" anaiandika "kete", na amefuata sawasawa alichofundishwa. Wanaotetea kuanza na Kiingereza husema mitihani na masomo karibu yote ya shule hizo ni ya Kiingereza, kwa nini wapoteze muda? Hoja hiyo ina uzito kwao. Lakini ustadi wa kuunganisha sauti ukishapatikana katika lugha moja huhamia nyingine, na hupatikana upesi zaidi katika lugha ambayo mtoto anaielewa na ambayo herufi zake hazibadiliki. Miezi michache ya Kiswahili kabla ya cat na cake haimcheleweshi. Majina ya herufi yangoje mpaka sauti zikae.

Upande wa Ngaramtoni, Monduli na Longido kuna jambo ambalo njia zote mbili hulisahau. Kimaasai hakina f, v wala z. Mtoto aliyekua na lugha hiyo anaweza kusikia zana na sana kama neno moja, vivyo hivyo pika na fika. Huyo usimfundishe herufi z kabla sikio lake halijaitofautisha. Mpe jozi za maneno, ainue mkono wa kulia au wa kushoto kulingana na alichosikia, mpaka apatie mfululizo. Na hata akisoma sawasawa, huenda hajui maana. Mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer walieleza ufahamu wa kusoma kuwa ni zao la kuzidisha vitu viwili, kutambua maneno na kuielewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Neno "jembe" lisomwe huku jembe lenyewe likiwa mezani.

Kipimo cha kusoma maneno 50 kwa dakika mwishoni mwa darasa la pili kinafaa kwa taifa, lakini mwalimu asisubiri miaka miwili apate habari. Kila Ijumaa aite watoto 10 mezani, kila mmoja asome silabi 10 zilizochanganywa na maneno 5 ambayo hayakuwahi kuandikwa ubaoni, kwa dakika moja. Darasa la 80 litakwisha kwa wiki 8. Anayekosa zaidi ya silabi 3 arudishwe kwenye vizibo Jumatatu inayofuata, pamoja na kikundi cha wenzake wasiozidi 6, wakati wengine wananakili imla.